Nyumba ya Nyar Makalda

Saa ya kupika chakula cha jioni, moshi ulitoka kwenye paa la banda la gari.

Haukuwa moshi mwingi. Ulikuwa moshi wa adabu, wa mtu anayechemsha maji ya ugali bila kutaka kusumbua majirani. Phelesia alisimama mlangoni mwa jiko lake, ungo wa dagaa wa omena mkononi, akanusa. Samaki wa kukaanga. Na nyuma ya samaki, kwa mbali, petroli.

Alivuka uwanja, akasukuma mlango wa banda. Hamkuwa na mtu. Gari lilikuwa pale pale, jeusi, limejaa banda zima kama shangazi tajiri kwenye kochi la maskini. Chini ya injini kulikuwa na jiko la makaa ambalo mumewe, Zadock, alilitumia asubuhi za baridi kupasha mafuta ya gari. Aliligusa. Lilikuwa baridi.

Zadock alipofika kutoka Homa Bay, alikokuwa karani wa pamba, alinawa mikono, akaketi, akautazama ugali kama mtu anayeonyeshwa picha ya ugali.

"Nimeshiba, Mama Akelo."

"Umekula wapi?"

Zadock akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, uso umekunjamana, kama mtoto aliyeulizwa hesabu. Kwenye masharubu yake kulikuwa na mwiba mdogo wa samaki.

"Si ni hapa hapa nyumbani?" akasema.

Sasa, mambo yangekuwa rahisi kama Zadock angekuwa mlevi. Pombe ina heshima, inaisha chupani. Lakini Zadock alikuwa mgonjwa wa zamani. Alipokuwa kijana alifungua geti kwa bwana mkubwa wa mgodi wa dhahabu kule Macalder. Kila asubuhi gari hilo, lililoundwa kabla ya vita vya Hitler, lilipita mbele yake likimeta mpaka ungeweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake, na kila asubuhi Zadock alipiga saluti. Mzungu alidhani saluti ni yake. Wachimbaji waliliita gari Nyar Makalda, binti wa Macalder, jinsi mke anavyoitwa kwa mahali alikozaliwa. Phelesia mwenyewe alizaliwa Sindo, na majirani pale Rangwe walimwita Nyar Sindo.

Miaka ikaenda. Uhuru ukaja, mgodi ukaanza kuishiwa, mzungu akafunga masanduku. Zadock akauza fahali wake wanne, mmoja wao wa madoa, kwa wauza nyama wa Kisii, akaenda Macalder, akarudi Rangwe akiendesha ujana wake. Akalijengea banda pembeni ya nyumba ya Phelesia, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa tambarare. Usiku wa kwanza, kwa kuogopa wezi, akalala humo. Hata kaa la kwanza la lile jiko alilichota kwa Phelesia, akiimba.

Tatizo la ujana ni spea.

"Bwana Zadock," alisema Ongeri, fundi wake wa Migori, akijifuta mikono polepole kama daktari mwenye habari mbaya, "hii plagi haiko Migori. Haiko Kisumu. Nairobi nimeandika barua, wakanicheka. Yule aliyekuwa akizitengeneza huko Ulaya ameshazikwa."

"Basi tufanye nini?"

"Itaagizwa. Na wewe ni msomi, unajua bei ya kitu ambacho hakipo."

Bei ya kitu ambacho hakipo ilipanda kila mwezi. Kwanza ziliondoka mbuzi. Halafu baiskeli. Halafu shamba la bondeni likakodishwa. Halafu, Jumapili moja Phelesia akiwa kanisani, iliondoka cherehani yake, ile iliyomlipia binti yao Akelo karo ya shule ya bweni. Phelesia hakulia. Alikaa mbele ya meza tupu, mguu wake ukikanyaga pedali ambayo haikuwepo, akisikiliza mumewe akicheka peke yake bandani. Miaka mingi hakuwa amesikia kicheko hicho. Alikuwa amedhani kimeisha, kama vitu vingine vinavyoisha mtu akizeeka. Kumbe kilikuwa kimewekwa akiba.

Na wivu wa namna hii una aibu yake. Mwanamke anaweza kwenda kwa wakwe akasema mume wangu ana mtu pale sokoni, akapewa chai na pole. Ataanza vipi kusema ameachwa kwa sababu ya kitu chenye magurudumu?

Kwa hiyo alinyamaza, hata baada ya ule moshi. Alinyamaza alipoikuta leso yake kwenye kiti cha nyuma cha gari, imekunjwa vizuri, ina joto la mwili. Alinyamaza alipokikuta kitana chake kwenye kibao cha pembeni cha kukanyagia mtu anapopanda gari, kimekamata nywele ndefu, mbichi, zenye harufu ya udongo wa shimoni. Zadock hakuwa akila tena nyumbani, na alikuwa akinenepa.

Kisha mvua za Machi zikaanza. Phelesia aliamka mapema akatoka na jembe na kibuyu cha mbegu, kwa sababu mwenye kutia mbegu ya kwanza katika boma ni mikayi, mke wa kwanza, na mpaka atie yeye hakuna mkono mwingine unaogusa udongo. Alifika nyuma ya banda, akasimama.

Mahindi yalikuwa yameshachipua. Mistari miwili, imenyooka sambamba, kama alama za tairi, ikianzia mlangoni mwa banda na kwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa chumba anacholala.

Wiki hiyo hiyo nywele zake zilianza kutoka. Zikafuata kucha. Alipofunga kitenge kiunoni kilizunguka mara moja zaidi. Alijua kinachosemwa, kwamba mikayi aliyetanguliwa kupanda hukauka mwenyewe kidogo kidogo mpaka nyumba yake ibaki wazi kwa aliyemtangulia.

Akapanda basi la Migori, akashuka, akatembea upande wa Wakuria mpaka kwa mganga anayeitwa Nyarangi. Alimkuta akikamua ng'ombe, mwanamke mwembamba mwenye masikio yaliyotobolewa, na hakuacha kukamua.

"Moto alipewa na nani?" Nyarangi aliuliza, baada ya kusikia yote.

"Ulitoka jikoni kwangu."

"Na nyumba yake iko wapi?"

"Pembeni ya yangu. Pale ambapo..." Phelesia akakaza kitenge kiunoni. "Pale ambapo mke wa pili angejenga."

"Mgodini kuna wenyewe, mama. Watu wa pwani waliokuja kuchimba waliwaita majini. Sisi hatuwaiti kabisa, wasije wakaitika. Mmoja alitoka na dhahabu, akaona gari la mzungu, akapenda kiti. Na mzungu hakumsumbua, kwa sababu mzungu alimweka nje uani na kuku. Nyinyi mmemjengea mahali pa mke wa pili. Mmempa moto wa mkubwa wake. Bwana amelala ndani usiku wa kwanza. Fahali wametoka. Na mnamwita kwa jina la kwao. Huko kwenu Ujaluoni jambo kama hilo linaitwaje?"

Phelesia alitazama maziwa yakipiga ndoo.

"Linaitwa ndoa."

"Basi usiniombe nimfukuze. Mke hafukuzwi na mganga. Hurudishwa kwao, mchana, watu wakiona, na mume aseme kwa mdomo wake kwamba hamtaki. Kwao wakikubali, mtawaona wale fahali langoni."

"Hao walichinjwa, mama. Nyama ya mmoja tuliinunua wenyewe, tukaila Krismasi."

"Mtawaona. Wakirudi wote, imekwisha."

"Na wasiporudi wote?"

Nyarangi aliacha kukamua. "Hilo hata kwenu mnalijua. Ng'ombe hubakizwa pale ambapo kuna mtoto."

Njiani kurudi Phelesia nusura acheke. Mtoto wa gari. Angezaliwa na leseni.

Zadock yeye alicheka kabisa. "Mama Akelo, sema tu ukweli. Una wivu."

"Ndiyo."

"Wivu wa gari."

"Ndiyo, Baba Akelo. Nina wivu wa gari. Nimesema, sasa na wewe sema. Mwambie humtaki."

Zadock alifungua mdomo. Kutoka bandani kulikuja mlio mdogo wa chuma, kama mtu aliyeegemea mlango ili asikie vizuri.

"Kabureta iko kwa Ongeri," akasema mwishowe, bila kumtazama. "Ikirudi tutaongea." Akachukua kitambaa chake, akaenda kulipanguza.

Alilala huko. Alfajiri, jogoo wa kwanza akiwa hajamaliza kusafisha koo, Zadock alizinduka amekaa nyuma ya usukani na injini inanguruma, laini, tamu, kama ilivyonguruma miaka ile getini, na kwa muda alitabasamu tu, mpaka akakumbuka kwamba injini haina kabureta na tanki halina petroli, akatazama mbele akaona banda liko mbali, uwanja mzima katikati, akageuza shingo akaona kwamba gari limetoka lenyewe kinyumenyume na kubana makalio yake kwenye mlango wa mke wake, bomba la moshi limeingia kwenye ufa wa mlango kana kwamba lilipimwa na seremala, na ndani, nyuma ya mbao, kulikuwa na mtu anayekohoa, halafu anayekwaruza, halafu kimya. Naye akashika kitasa lakini kitasa kikawa mkono, baridi, wa kike, ukafunga vidole juu ya vidole vyake, na kutoka kiti cha nyuma pumzi yenye harufu ya udongo na samaki ikamgusa sikio ikamwita Baba, ikaongeza jina la mtoto ambaye Zadock hakuwahi kumsikia, ikamnong'oneza kwamba bado kidogo tu, bado kidogo, na nyumba kubwa itakuwa yetu.

"Sikutaki," Zadock akasema.

Haikutoka vizuri. Machozi yalikuwa yameingia ndani yake. Alimaanisha nusu tu, na nusu ilitosha. Injini ikazima.

Alipita dirishani mwa gari, akavunja dirisha la nyumba kwa jembe la Phelesia, akamvuta mkewe nje kwa kwapa. Alikuwa mwepesi kama kapu. Walikaa kwenye umande, yeye akikohoa, Zadock akimsugua mgongo na kurudia neno moja, "Nyar Sindo, Nyar Sindo," kama mtu anayetafuta njia ya kurudi kwa kutaja majina ya vituo.

Jua lilipopanda walimrudisha.

Zadock alishika usukani. Phelesia alikaa kiti cha nyuma, amefunga kitambaa cha kanisani, mkono umewekwa pembeni yake juu ya ngozi ya kiti, jinsi mkubwa anavyomsindikiza mdogo wake aliyeshindwa kukaa. Gari lilikwenda lenyewe, polepole, kichwa chini. Pale Migori, Ongeri alikuwa amesimama mbele ya karakana yake na kabureta mkononi. Alilitazama gari likipita. Akakitazama kitu alichokishika. Akaingia ndani na kufunga mlango, na siku hiyo hakufungulia mteja mwingine.

Macalder kulikuwa na shimo la zamani ambalo hata wachekechaji wa dhahabu hawakulisogelea. Wanawake waliokuwa wakiosha mchanga mtoni waliinua vichwa. Zadock alisema tena, kwa sauti, watu wakiona, kwamba hamtaki. Phelesia akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto, na ilitetemeka.

"Nyar Makalda," akasema, "ulipika vizuri. Rudi kwenu."

Wakalisukuma gari likatumbukia shimoni. Walisubiri kishindo. Zadock alisubiri mpaka Phelesia akamshika mkono wakaondoka, na kishindo hakikuwa kimekuja.

Usiku huo Zadock alikula ugali wa nyumbani, akaomba kuongezwa. Phelesia alimtazama akitafuna, na kifuani mwake kitu kilichokuwa kimejikunja kwa miezi kikajinyoosha. Asubuhi kitana chake hakikutoka na unywele hata mmoja.

Ndipo aliposikia kwato langoni.

Walitoka pamoja. Fahali walisimama kwenye ukungu, matope mekundu ya mgodi yakiwafika tumboni, hawacheui, hawapungi mikia. Zadock aliwajua. Alimjua mwenye pembe iliyovunjika, akamjua yule mweusi, akamjua yule wa paji jeupe ambaye alimla Krismasi kwa pilau. Alianza kucheka, akawapigapiga mgongoni mmoja mmoja.

"Wamekubali," akasema. "Mama Akelo, wamekubali. Imekwisha."

Phelesia hakusogea. Alimtafuta wa nne, yule wa madoa. Alitazama nyuma ya wale watatu, akatazama barabara yote mpaka inapokatwa na kilima. Barabara ilikuwa tupu.

"Baba Akelo," alisema polepole, "yule wa madoa yuko wapi?"

Kabla hajajibiwa, honi ililia kutoka kwenye banda tupu. Ilikuwa nyembamba, ndogo mno, ya kitu ambacho bado hakijajua kutumia koo lake. Ililia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena kwa hasira ya njaa.

Na Zadock, mkono bado juu ya mgongo wa fahali, aligeuka upesi kabla hajajua kwamba amegeuka, uso umelainika, kama baba yeyote.