Mwalimu Juu ya Jiwe

"Chagua picha nzuri, mpenzi. Uso wangu ndio utatundikwa ukumbini."

"Nzuri kwa nani? Wewe mwenyewe hutaiona."

"Ndiyo maana nimekuachia wewe. Utanielezea."

Mpiga picha alicheka, akavuta kiti karibu na kompyuta. Barazani Mwalimu naye alicheka, miwani nyeusi usoni, fimbo yake nyeupe ikigonga sakafu. Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana, na Jumamosi walikuwa wanaoana.

Miaka miwili walikuwa wameishi hivyo. Siku gari lao lilipopinduka, mpiga picha ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alitoka na mkwaruzo wa kiwiko, Mwalimu akatoka haoni. Tangu hapo alimshika mkono kila aliposhuka zile ngazi tatu za baraza, akamsomea barua, na kila alipopiga picha akamweleza mlima uko wapi na maji yanaishia wapi. Na tusidanganyane, hakuwa anafanya hayo kwa huruma tu. Alimpenda mpaka akajisahau.

Picha zenyewe hazikuwa za kawaida. Miezi minne iliyopita fundi aliifungua kamera yake ya zamani ya dijitali, akatoa kioo kinachozuia infraredi, ule mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, akaweka kinachopitisha mwanga huo tu. Basi akawa anatoka mchana wa jua kali, wakati wapiga picha wenzake wamejificha kivulini. Majani yalitoka meupe kana kwamba yamemwagiwa majivu, anga nyeusi, ziwa jeusi kama shimo. Na katika kila picha, kwa mbali, Mwalimu ameketi mahali, mdogo kama punje, ili mtazamaji ajue mlima una ukubwa gani.

Leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuikuza picha kuutafuta uso wake.

Akakuza. Akakuza tena.

Miwani ya Mwalimu haikuwa nyeusi. Kwenye picha ilikuwa angavu kama kioo cha dirisha, na nyuma yake macho mawili yalikuwa yanamtazama yeye.

"Vipi, umepata?"

"Bado... bado natafuta."

Alijiambia ni bahati tu, macho ya asiyeona yanaweza kuelekea popote. Akafungua picha iliyofuata, aliyoipiga baada ya kuhamia kushoto. Macho nayo yalikuwa yamehamia kushoto. Ya tatu aliipiga akiwa amepanda jabali, na macho yalikuwa yameinuka kumfuata.

Akatoa miwani yake mwenyewe ya jua mkobani, akaiegemeza dirishani, akaipiga picha kwa kamera ileile. Vioo vilitoka bila weusi wowote. Mti wa nje ulionekana kupitia humo, jani kwa jani.

"Mbona kimya hivyo? Mpaka naogopa."

"Kompyuta inasuasua."

"Nije nikusaidie kuangalia?"

Huo ulikuwa utani wao wa kila siku. Leo aligeuza kompyuta isielekee mlangoni.

Akaendelea kufungua. Akafika kwenye picha ya ziwa. Mwalimu ameketi juu ya jiwe, na mkononi ameshika simu, simu ya mpiga picha. Alizoea kumwachia amshikie, na hakuwahi kuifunga kwa namba ya siri. Amfiche nani? Lakini hapa kidole gumba kilikuwa juu ya kioo cha simu, na macho yalikuwa chini, yanasoma.

Akaitazama tarehe. Ilikuwa wiki ileile aliyokuwa anasubiri jibu la mhariri kuhusu kazi ya miaka miwili, kuzunguka misitu na milima akipiga picha za kitabu. Jibu halikuja. Alilia siku tatu, na Mwalimu akambembeleza: "Wamekosa wao, mpenzi. Mimi nipo."

Akafunga mlango, akampigia mhariri kwa sauti ya chini.

"Samahani, dada. Ile kazi mlimpa nani?"

"Tunahangaika mpaka leo. Wewe si ulituangusha?"

"Niliwaangusha vipi?"

"Acha utani. Tulikuandikia kazi ni yako, ukajibu ndani ya dakika tano. Subiri nikusomee." Akautafuta ujumbe. "'Asanteni. Naolewa, na mume wangu ananihitaji. Msinitafute tena.'"

Nyuma yake mlango ulifunguka taratibu.

"Unaongea na nani?"

Mwalimu alikuwa amesimama pale, miwani usoni. Fimbo alikuwa nayo, lakini haikuwa inagusa sakafu.

"Mtu wa ukumbi," alisema mpiga picha, akakata simu. "Njoo ukae. Nimepata picha. Nikuelezee?"

"Nielezee, mpenzi."

Akamgeuzia kompyuta usoni.

"Kuna ziwa, jeusi. Miti myeupe. Kuna mwanamume ameketi juu ya jiwe."

"Huyo ni mimi."

"Ni wewe. Umevaa miwani nyeusi, ila kamera hii miwani nyeusi haiitambui. Inapita."

Tabasamu la Mwalimu lilibaki palepale.

"Umeshika simu yangu," aliendelea. "Unasoma. Nikuelezee na macho yako?"

Feni ilizunguka juu yao.

"Tangu lini unaona, Mwalimu?"

"Miezi saba. Ilianza kama ukungu, ukawa unaondoka."

"Miezi saba nakushika mkono kwenye ngazi!"

"Kila siku nilisema kesho nitakuambia. Halafu ukaanza habari za hiyo kazi. Nikajua ukisikia naona, utaona deni lako limekwisha, utaondoka. Ujumbe wao ulipoingia nikajibu, kisha nikafuta."

"Deni? Nilibaki kwa sababu nilikupenda, mjinga wewe! Ungeniambia unaona ningecheza hapo uani mpaka majirani wakaja. Ningeenda kazini, ningerudi kwako!"

Alikuwa analia sasa. Mwalimu alivua miwani. Macho yake yalikuwa mazima na makavu.

"Zifute," alisema kwa upole. "Mama hajui, hakuna anayejua. Zifute, na Jumamosi iko palepale."

"Na nisipofuta?"

"Nipe hiyo kamera."

Mkono wake ulinyooka moja kwa moja, bila kupapasa. Mpiga picha aliiwahi kamera, akachukua na simu, akatoka mbio. Nyuma yake hakusikia stuli ya mlangoni ikigongwa, alisikia viatu tu vikiruka ngazi zote tatu kwa mara moja.

Langoni alikuwa anaingia mama yake Mwalimu, gauni la harusi limelala mkononi mwake ndani ya mfuko wa plastiki. Huyu mama alikuwa amefunga na kuomba miaka miwili mwanawe aone tena. Alisimama, mdomo wazi.

"Mwanangu... umeruka ngazi?"

Mwalimu alisimama ghafla. Halafu, mbele ya wote wawili, akanyoosha mikono na kuanza kupapasa hewa.

"Mama? Ni wewe? Uko wapi, mama?"

"Usinipapase," mama alisema. "Unaniona."

Mikono ya Mwalimu ikashuka polepole. Mama akamgeukia mpiga picha.

"Nenda, binti yangu. Mimi nina ya kumuuliza."

Mpiga picha alitembea mpaka kona ya barabara bila kugeuka. Hapo ndipo alipomwandikia mhariri:

"Dada, aliyewajibu si mimi. Kama nafasi ipo, naitaka."

Jibu lilikuja haraka: "Ipo. Njoo na kamera yako."

Ujumbe wa pili ukaingia juu yake, wa Mwalimu: "Rudi. Nakuona hapo ulipo."

Hakugeuka. Alifungua mipangilio ya simu, akaweka namba ya siri, akaikosea mara mbili, akaiweka tena.