Fundo la Kumi na Nane

Kila asubuhi kabla pampu haijawashwa, Kathure alitakiwa kuwa kisimani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kamati ya maji ya kijiji chao, karibu na Nchiru, ilimpa kazi ambayo watu wazima waliikwepa. Alishusha ndani ya kisima kirefu kamba yenye kipande cha chuma nchani, fundo moja kila mita, hadi asikie chubwi! Kisha aliandika daftarini idadi ya mafundo yaliyoshuka kabla ya kugusa maji. Kisima hicho kilitegemewa na mashamba, nyumba na hosteli za wanafunzi wa chuo kikuu.

Mwezi wa Juni alipima vizuri. Kumi na manane. Kesho yake, kumi na manane. Wiki nzima, yale yale! Na huko barabarani rafiki yake Kajuju anapiga mbinja, maana mazoezi ya voliboli hayamngoji mtu.

"Toka lini maji ya chini yakahama?" Kajuju alimtania. "Andika tu, twende zetu!"

Basi akaandika tu. Aliandika akiwa mezani, kikombe cha chai mkononi, Julai yote na Agosti yote. Jamani, siku nyingine alijaza nambari za siku tatu kwa mkupuo!

Jumamosi moja ya Septemba kamati iliitisha mkutano. Mvua haikuwa imeonekana tangu Mei. Mwenyekiti, Mzee Riungu, fundi wa pampu aliyestaafu na mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alifungua daftari.

"Kumi na manane! Kumi na manane! Kiangazi chote maji hayajateremka hata fundo moja! Kathure, simama watu wakuone."

Makofi yakapigwa. Kathure akasimama. Kisha uamuzi ukatolewa: kwa kuwa maji ni tele, kuanzia Jumatatu pampu ingefanya kazi kwa muda wa saa kumi kila siku badala ya nne. Aliyeshangilia kuliko wote ni mama yake, Kiende. Miche yake ya nyanya ilikuwa inanyauka, na nyanya hizo ndizo zilizokuwa tegemeo la nyumba yao.

Jumapili kanisani Kathure hakutulia, utadhani amekalia siafu. Ibada ilipoisha alikwenda moja kwa moja kisimani, akashusha kamba. Kumi na nane, kimya. Ishirini, kimya. Chubwi ilisikika kwenye fundo la ishirini na tano.

Lo! Mdomo wa pampu ulikuwa mita ishirini na nane chini. Ikivuta maji kutwa, yangeshuka chini ya mdomo huo, pampu ivute hewa na kuungua, na kijiji kizima kibaki na ndoo tupu. Kathure alikimbia nyumbani.

Mama yake alikuwa bustanini akiunganisha mpira wa maji.

"Mama, nilidanganya. Sikuwa napima. Maji yameshuka mafundo saba."

Kiende akasimama wima. "Kathure! Na umengoja mpaka nishangilie mbele ya watu?"

"Niliogopa, Mama."

"Nani mwingine anajua kuwa yameshuka?"

"Mimi na wewe tu."

Mama akaitazama miche yake kwa muda mrefu. Kathure aliona machozi yanamlengalenga, akatamani ardhi ipasuke immeze. Ghafla Kiende akautupa ule mpira.

"Twende kwa Mzee Riungu. Twende kabla sijabadili nia!"

Mzee Riungu alipima mwenyewe mara mbili, kisha akawaita watu. Wapo waliofoka. "Mtoto kutuchezea hivi!"

"Na sisi je?" mzee akanguruma. "Miezi minne bila mvua, nambari haitikisiki, na hakuna hata mmoja aliyeuliza! Tulisikia tulichotaka kusikia."

Pampu ikapunguziwa muda, ikawa saa tatu kwa siku. Wenye hosteli wakatakiwa kuweka mifereji ya paa na matangi. Kila familia ikachimba mashimo kwenye mteremko, ili maji ya mvua yazame ardhini badala ya kukimbilia barabarani. Nusu ya miche ya Kiende ilikauka. Kathure alichimba pamoja naye mpaka viganja vikatoka malengelenge, na hakulalamika.

Mvua ya Oktoba ilipokuja, mashimo yalijaa, yakanywa polepole, yakajaa tena. Mwezi wa Januari Kathure alipima mbele ya wanakijiji: mafundo ishirini na moja, maji yamepanda mafundo manne.

Mzee Riungu akamgeukia. "Sikiza, mwanangu. Maji ya chini hakuna anayeyaona. Kijiji kizima kinaona kwa macho yako. Ukiandika uongo, umetufumba macho sote. Ukichoka, sema, atatafutwa wa kukusaidia. Lakini usiandike usichokipima."

"Nimesikia, Mzee."

"Amesikia," Kiende akadakia. "Na wewe mwenyekiti umesikia? Umemwachia mtoto kazi hii peke yake miezi yote hii!"

Watu wakaangua kicheko, lakini Mzee Riungu hakucheka. Kesho yake, Kathure alipofika kisimani, alimkuta mzee amekwisha kufika, anamsubiri wahesabu pamoja.