Bomba Jipya la Risten

Kila siku baada ya shule, Risten alipakia magunia ya chakula kwenye tela, akawasha pikipiki ya theluji na kwenda kuwalisha kulungu wao wa kufugwa nje kidogo ya mji wa Kautokeino, kaskazini mwa Norwe. Msimu huo wa baridi mvua ilinyesha juu ya theluji ikaganda kuwa barafu, na wanyama wakashindwa kufukua malisho. Walipoisikia tu pikipiki walikuja mbio, Muzet akiwa mbele. Huyo alikuwa jike wa Risten mwenyewe, mwenye alama yake sikioni na mimba tumboni, na alikuwa amekonda mno.

Wiki moja mama yake alisafiri kwenda mji wa Alta. Risten akaona ndiyo nafasi ya kumshangaza. Kwa pesa za matunda pori ya kinamasini aliyochuma na kuuza kiangazi kizima, alinunua bomba jipya la moshi, akafungua la zamani na kulifunga jipya. Muuzaji aliapa kwamba pikipiki ingepata nguvu, na kweli ikapata. Ilinguruma mpaka madirisha ya jirani yakatetemeka, na Risten akavimba kichwa.

Kulungu walipoisikia, walitimua mbio hadi mlimani. Kesho yake vilevile. Chakula alichomwaga kilifunikwa na theluji bila kuguswa. Risten alijua fika kilichowakimbiza, lakini aliona haya kukiri kwamba pesa zote zimepotea bure. Akanyamaza.

Jumamosi mama alirudi, akawatazama kulungu kule mlimani kwa darubini.

"Hawa wametishwa na mbwa mwitu," alisema. "Vaa, mwanangu. Tunawahamishia ng'ambo ya mlima leo hii."

"Na Muzet, Mama? Hana nguvu za kupanda."

"Najua. Sasa nitafanyaje? Niwaache wote waliwe?"

"Mama, si mbwa mwitu. Ni mimi."

Alimpeleka ghalani, akawasha pikipiki. Mama akaziba masikio.

"Zima! Zima, we mtoto! Hili bomba au mzinga?"

"Linaongeza nguvu, Mama."

"Nguvu ya kumkimbiza nani? Wale wanaijua sauti ya pikipiki yetu kama wewe unavyoijua yangu nikikuita kula. Umewaendea na sauti ya mgeni!"

Walilirudisha bomba la zamani, wakaiendesha pikipiki polepole hadi chini ya mlima na kumwaga chakula. Kwa muda hakuna mnyama aliyesogea. Kisha Muzet akatoka kundini, akayumba, akaja kula miguuni pa Risten. Wengine wakafuata. Risten alilia kwa furaha bila kujificha.

"Wameshinda na njaa kwa sababu ulinyamaza," mama alisema, akimfuta machozi. "Lakini umesema kabla sijawavusha mlima, na hilo limemwokoa Muzet. Siku nyingine sema mapema. Na kabla ya kununua kifaa, jiulize kwanza kama kazi yako inakihitaji. Ungenunua vishikio vya usukani vya kupasha mikono moto, ningekuongezea pesa mimi mwenyewe."

"Na bomba je?"

"Muuzie rafiki yako Ánte, naye ana pikipiki ya theluji. Yeye hana kulungu wa kukimbiza. Ana majirani tu."