Niliuza Karatasi za Timu ya Mwanangu Asubuhi ya Mechi

Sikuwa na cheti cha shule ya mchana. Sikuwa na ndugu serikalini, wala rafiki kwenye bodi ya chuo. Siku hiyo sikuwa hata na sauti.

Mwanangu Valence alikuwa chini kwenye tope, wachezaji wenzake wanampiga mateke...

"Muulizeni baba yake! Kauza zote asubuhi!" mmoja wao akapiga kelele.

Ni kweli, ndugu wasomaji. Niliuza.

Ilikuwa mwaka 1993, hapa Songea. Chuo cha ufundi kilikuwa kinacheza na chuo cha kilimo, na Valence ndiye kipa wa ufundi. Bashiru, muuza mitumba kutoka Tunduru, akatundika ubao dukani kwake. Unanunua karatasi ya timu. Ikishinda, unalipwa shilingi mia. Ikifungwa, karatasi yako kafungie maandazi. Kabla ya mechi unaweza kumuuzia mwingine, na bei inapanda na kushuka kadiri watu wanavyoiamini timu.

"Biashara huria, wazee," alikuwa akisema.

Nilikuwa na karatasi arobaini za ufundi. Bei ilikuwa sitini.

Jumamosi asubuhi akaja Hironimus, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa.

"Mzee Marcelino, msomaji wa masomo kanisani, na karatasi za kamari?"

Nikazisukumia karatasi mfukoni. Kusoma nilijifunza ukubwani, masomo ya jioni. Kusimama pale mbele kila Jumapili ndiyo ilikuwa fahari yangu yote.

"Kauze zote leo. Na sababu usimwambie mtu, utajiaibisha."

Nikaenda.

"Zote?" Bashiru aliniangalia. "Mzee, kipa si mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Sasa kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Alfani, fundi baiskeli, alikuwa nyuma yangu. Akacheka.

"Baba wa kipa anakimbia, sisi tunabaki kufanya nini?"

Kufika saa sita mchana, ufundi ilikuwa imeshuka hadi kumi na tano. Kilimo imepanda hadi themanini na tano.

Jioni mvua ikanyesha. Mpira ukamteleza Valence mikononi, ukaingia. Moja bila. Kipa yeyote angeweza kufungwa vile... lakini kipa mwingine hakuwa na baba aliyeuza karatasi.

Chuo kikamsimamisha kwa tuhuma za kuuza mechi. Bodi ingekaa Ijumaa kumjadili.

"Baba," aliniuliza, uso umevimba, "kwa nini hukusema tu?"

Nikaloweka kitambaa maji ya moto, nikamkanda shavu.

Jumatatu Verediana, mke wa Bashiru, akaniita pembeni dukani kwao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Ijumaa mwenyekiti wenu alinunua karatasi sitini za kilimo, kwa arobaini arobaini. Jumamosi mchana akaziuza zote kwa themanini na tano. Mechi hakuingoja."

Nikakaa juu ya robota la mitumba.

Yule hakucheza kamari ya mpira, jamani. Kamari yake ilikuwa mimi.

Nilimfuata Hironimus aje anisemee mbele ya bodi.

"Nikaseme nini?" akauliza. "Mimi nilikushauri mambo ya roho."

Ndugu zangu, mtu akikushauri jambo jema kisha akakutaka ulifanye kimya kimya, muulize kwanza yeye anapata nini. Mimi sikuuliza. Nililinda jina langu, nikaliacha la mwanangu lichafuke.

Alhamisi nilimwandikia mkuu wa chuo kurasa tatu. Niliweka kila kitu, hata aibu yangu. Shahidi sina; Verediana alikataa kusema mbele ya bodi. Nilijua wataisoma kama barua ya baba anayemtetea mwanawe.

Nikalamba bahasha, nikaibana kwa kiganja, nikamkabidhi karani wa chuo dirishani.