Forfait ya Siku Moja

— Famille ya Exaucé inakuya kukuposa siku ya samedi, Bénie. Niwajibu nini?

Bénie alimgeuzia mama yake mgongo. Simu ilikuwa imetetemeka mkononi: «Umeunganishwa: GARI YA ARSÈNE.»

Arsène aliendesha pikapu ya mgodi kule Kakanda, gari lililokuja na Wi-Fi yake ndani. Walipokuwa wachumba alimpa nywila. Miezi minne iliyopita mama alimtaka abatizwe upya kanisani kwao. Arsène, Mkatoliki, akaondoka bila neno. Tangu hapo hakupiga wala kuandika. Ila hii ilikuwa jioni ya tatu mfululizo mtandao wake kuingia uani.

Kazi ya Bénie ilikuwa maabara, kupima shaba katika mawe. Asichokipima hakukiamini. Akatembea, macho kwenye simu. Jikoni, alama moja. Kwenye tangi la maji, mbili. Getini, zote.

— Unatafuta nini huko? mama akauliza.

— Muntu, mama.

Pikapu ilisimama nyuma ya ukuta, nyekundu kwa vumbi. Arsène alikuwa kwenye usukani.

— Weye unafanya nini hapa?

— Miye? Napita tu.

— Unapita siku tatu, sawa mbuzi ya kamba? Réseau ya Wi-Fi ya gari haifike mbali, Arsène. Nimepima.

Arsène akacheka kidogo, kisha akaacha.

— Juu ya nini haukuandika?

— Niliandika, nikafuta. Nikasema basi, simu yako ijue niko.

Kioo cha dashibodi kikawaka: «Forfait ya intaneti inaisha. Chagua: siku, wiki, mwezi.»

— Unalipaka ya gani?

— Ya siku moja.

— Ile njo ya bei kali kuliko zote! Hata mutoto anajua.

— Najua. Kila siku najisemea leo ni ya mwisho.

Miezi minne Bénie alikuwa ametafuta ushahidi kwamba hajasahauliwa, na huu hapa: mtu mwenye hesabu nzuri, akilipa ghali kila siku kwa sababu ameshindwa kuacha. Akapitisha mkono dirishani, akabonyeza *mwezi*. Chini yake: *ijirudie yenyewe*. Akabonyeza tena.

— Na mama yako? Na ubatizo?

— Utamujibu weye mwenyewe, kwa mdomo. Shuka.

Sauti ikatoka uani:

— Bénie! Watu ya samedi, niwaambie nini?

— Uwaambie wasijichokeshe na njia, mama! Na uongeze sahani moja.

Arsène akazima injini. Mtandao ukakatika kwenye simu, Bénie hakuangalia.