Kiti Kisichotaka Misumari

Kila asubuhi mama mkwe wangu, Mukabalisa, hukaa barazani akichambua maharagwe. Nyumba yetu iko Kagarama, hapa Kigali, kando ya njia ya watu wanaokwenda kazini. Kila anayepita humsalimu, naye huinuka. Hushika mikono ya kiti chake, husukuma, husema "hop!", husimama wima. Kisha humkumbatia mtu kwa mikono miwili, kama ilivyo desturi yetu Wanyarwanda.

"Mukecuru, kaa tu, usisumbuke," watu humwambia. Mukecuru kwetu ni bibi mzee, kwa heshima.

"Nikikusalimu nimekaa, nimekusalimu nusu," hujibu.

Humwinukia mchungaji. Humwinukia muuza maziwa. Sisi wa nyumbani tu ndio asiotuinukia. "Ninyi ni wangu," hutuambia, "mtanisamehe."

Kiti chenyewe ni cha mbao ya mvule, kizito, chenye mgongo mrefu. Alikitengeneza mume wake, marehemu Mutsinzi, walipokuwa wakimbizi kule Karagwe, Tanzania. Mutsinzi alikuwa seremala. Alifariki mwanawe Nkusi akiwa bado anatambaa. Hakuacha hata picha moja. Familia iliporudi Rwanda, kiti kilikuja juu ya lori, kimefungwa pamoja na magodoro.

Huyo Nkusi ndiye mume wangu. Ni mtu mwema, sikatai. Ana duka la vifaa vya ujenzi Nyabugogo. Anauza bawaba, rangi na misumari. Basi kwake kila ugonjwa dawa yake ni msumari! Mlango ukilia, msumari. Meza ikiyumba, msumari.

Siku moja kiti cha mama kikaanza kulia. Nyii, nyii, kila akiinuka.

"Baba Kaliza," nilimwambia, "kiti cha mama kinalegea mguu. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Nimesikia," akasema. Akapiga msumari.

Baada ya muda kikalia tena. Akapiga mwingine, mrefu zaidi. Mbao ikatoa mlio, ta! Nikaona mstari mwembamba kwenye mguu.

"Nkusi, umeipasua!"

"Harriet, mimi nauza misumari au wewe?"

Mimi nimekulia Bukoba, na mdomo wangu hauna breki. Lakini siku hiyo nilinyamaza. Laiti ningesema.

Jumapili moja tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani. Mchungaji akapita mbele ya baraza. Mama akashika mikono ya kiti, akasukuma. Mguu ukachomoka. Mama akaanguka chini na kiti chake, maharagwe yakatawanyika kila mahali.

Mungu ni mwema, hakuvunjika mfupa. Lakini Nkusi aliona aibu sana. Alikichukua kile kiti, akakitupa nyuma ya jiko. "Kitakuwa kuni," akasema. Kesho yake akaja na sofa mpya, laini, ya rangi ya maziwa.

Jamani, ile sofa ilimmeza mama! Alizama ndani mpaka magoti yakawa juu ya tumbo. Haikuwa na mahali pa kushika ili ajisukume. Akitaka kuinuka, ilibidi tumvute watu wawili, mmoja mkono huu, mmoja mkono ule. Na sisi hatukuwa nyumbani siku zote.

Mama akabadilika. Hakutoka tena kwenda barazani. Chai nilimpelekea, nikaikuta imepoa. Maji hakunywa. Alipunguza maneno, na yeye ni mtu wa maneno. Usiniulize nilivyoumia.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulitoka kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Jirani yetu Scovia aliingia kwetu na jembe lake begani. Scovia anafundisha useremala katika shule ya ufundi. Amekulia Kampala. Kiswahili chake kina njia zake, lakini kinafika.

"Mwiriwe, mukecuru!" akamsalimu mama.

Mama alijaribu kuinuka. Akajaribu tena. Sofa ikamrudisha. Machozi yakamtoka.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekusalimu nusu."

Scovia aliweka jembe chini. Akapiga magoti mbele ya mama, akamtazama usoni.

"Mukecuru, midomo yako imekauka. Hunywi maji?"

"Maji yanataka choo," mama akajibu polepole. "Na choo kinataka watu wa kuninyanyua."

Nkusi alikuwa mlangoni. Aliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu. Sote wawili hatukuwa tumejua. Tulidhani ni uzee tu.

"Na kile kiti yako ya zamani iko wapi?" Scovia akauliza.

"Kimekufa," akasema Nkusi.

"Nani alipima? Lete hiyo maiti."

Tulikileta uani. Scovia alikigeuza miguu juu. Alipoona misumari akashika kiuno.

"Ayiii, Baba Kaliza! Ulikuwa unatengeneza kiti au unamsulubisha?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nkusi hakucheka.

"Sikiliza, nikueleze," Scovia akasema kwa upole. "Mbao inapumua. Jua likiwaka, inasinyaa. Mvua ikinyesha, inavimba. Kwa hiyo kiungo kinacheza kidogo kidogo, miaka na miaka, mpaka gundi inaachia. Hapo kiti inalia. Inakuambia, nifungue, nipake gundi. Lakini msumari haijui kucheza na mbao. Inakaza pale pale, mpaka mbao inapasuka."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekivunja?"

"Ni wewe. Lakini hii kiti iko na nguvu kuliko wewe. Tunaiponya leo."

Kwanza alitupa onyo. "Kazi ya mbao inataka subira. Mwenye haraka aende akapike."

"Haya, Nkusi, nenda jikoni," nikasema. Safari hii alicheka.

Scovia alimwonyesha kazi, na Nkusi akaifanya kwa mikono yake. Aling'oa misumari kwa koleo, mmoja mmoja, akiivuta wima ili isipanue matundu. Alizungushia nyundo kitambaa kinene ili isiumize mbao. Akagonga kiungo polepole, pande zote. Tuk, tuk, tuk. Miguu ikaachia.

Nami nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Ndani ya kile kiti hakukuwa na msumari hata mmoja wa fundi. Mwisho wa kila mguu ulichongwa ukawa mwembamba, kama ulimi. Kwenye fremu ya kiti kulikuwa na tundu la ukubwa uleule. Ulimi unaingia tunduni, basi. Na kando ya kila ulimi kulikuwa na mistari midogo ya penseli. Mguu wenye mistari miwili, tundu lake lina mistari miwili. Penseli ilikuwa nyeusi bado, utadhani fundi ameondoka kwenda kunywa chai.

"Alikuwa anaweka alama asichanganye miguu," Scovia akasema. Hata yeye sauti ilishuka. "Huyu mzee alijua kazi."

Mama tulikuwa tumemketisha kwenye kiti cha plastiki. Akanyoosha shingo. "Mnaona nini huko?"

Nkusi alikuwa ameshika ule mguu uliopasuka, anaugeuza kwenye mwanga. Ghafla akatulia.

"Harriet," akaniita. "Njoo uone."

Kwenye ubavu wa ule ulimi gundi ya zamani ilikuwa imeganda, ya kahawia, ngumu kama pembe. Na katikati ya ile gundi palikuwa na alama ya dole gumba. Mistari yote ya ngozi ilionekana, inazunguka na kuzunguka.

Mtu aliyekufa zamani, ambaye mwanawe hajui hata sura yake, kidole chake hiki hapa! Kilikuwa ndani ya kiti chetu miaka yote. Tumekula Krismasi juu yake. Kaliza wetu alijifunza kusimama kwa kushika mguu huo huo.

"Huyu ni baba?" Nkusi akauliza.

"Nani mwingine?" mama akasema. "Alifanya kazi peke yake. Leteni nione."

Alikishika kile kipande cha mbao kwa mikono miwili. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha Nkusi akakichukua, akaweka dole gumba lake juu ya lile la baba yake. Likaenea sawasawa. Mume wangu alilia uani, mchana kweupe, na sikuona aibu hata kidogo.

Nilichukua simu nikapiga picha. Ilitoka kitu cha kahawia tu, kama ugali ulioungua. Nikajaribu tena, ikawa vilevile.

Scovia aliona tabu kusema, lakini alisema. "Baba Kaliza, iko shida moja. Gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani. Inataka mbao tupu. Ni lazima kukwangua."

"Kukwangua hiki?"

"Hicho. Hapo ndipo uzito wa mukecuru unakaa. Ukiacha gundi ya zamani, mguu utachomoka tena."

Nkusi alikumbatia ule mguu kifuani. "Haiwezekani. Sina picha yake. Sina kitu chake kingine. Nitanunua kiti kipya, chenye mikono, mguu huu nitauweka kabatini."

Nilimwonea huruma. Lakini nilimtazama pia mama na midomo yake iliyokauka.

Mama ndiye aliyesema. "Nkusi, mwanangu. Unajua gundi hiyo aliipikaje? Aliichemsha kwenye kopo, ngozi za ng'ombe na mifupa. Nyumba nzima ilinuka! Nilikuwa na mimba yako, natapika. Nikamfukuza nje yeye na kopo lake. Nikamuuliza, kwa nini unahangaika hivi? Akaniambia, tumbo lako linakua, unaanza kushindwa kuinuka. Nataka uwe na mahali pa kushika."

Akaelekeza kidole kwenye ule mguu.

"Baba yako hakutengeneza kiti ili tutazame kidole chake. Alikitengeneza ili mimi niinuke. Kwangua."

Nkusi akaushusha ule mguu kutoka kifuani. Akaitikia, "Yego, mama."

Nilileta maji ya vuguvugu na kitambaa. Scovia akaeleza kuwa gundi ya zamani hulainika kwa maji hayo. Nkusi akalowesha, akasubiri, akaanza kukwangua kwa kisu butu, taratibu, bila kula mbao. Na harufu ikapanda, kali, ya ngozi na moshi.

Mama alishika mdomo. "Ndiyo hiyo!" akapiga kelele. "Ndiyo harufu yenyewe! Mutsinzi, unaninukishia nyumba tena!" Alicheka na kulia kwa pamoja. Sikujua harufu inaweza kukaa ndani ya mbao miaka yote hiyo ikimsubiri mwenyewe.

Kidole kikaisha. Mbao ikabaki safi, nyekundu kidogo. Tuliacha ikauke vizuri juani.

Baadaye Scovia akatoa gundi ya mbao. "Paka kwenye ulimi na ndani ya tundu. Si nyingi. Na kwenye ule ufa uliopasua, sukuma gundi iingie mpaka ndani. Matundu ya misumari tutaziba na vijiti vya mbao."

Nkusi akapaka. Kabla ya kuingiza ule mguu tunduni, alitazama huku na huku. Kisha akabonyeza dole gumba lake kwenye gundi mbichi, pale pale palipokuwa pa baba yake. Scovia aliona, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Waliingiza miguu yote, mistari miwili kwa mistari miwili. Walikifunga kiti kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, wakiuvuta na kuuzungusha kwa nguvu. Mpira huo hubana viungo mpaka gundi ishike. Gundi iliyotoka nje waliifuta kwa kitambaa chenye maji.

"Leo hakuna mtu kukaa," Scovia akasema. "Hata malaika."

Kesho yake tulirudi kutoka kanisani, tukafungua mpira. Nkusi alikaa kwanza, kwa sababu yeye ni mzito kuliko mama. Akajitikisa mbele na nyuma. Kimya. Hakuna nyii.

Tukakipeleka barazani, tukamkalisha mama. Nikampa chai ya maziwa. Akanywa yote, akaomba nyingine. Nikajua anataka kukijaribu kiti, kwa maana chai nayo inataka choo. Kisha akashika mikono, akasema "hop!", akasimama. Akapita ndani kuelekea uani bila kumtazama mtu. Muda mfupi tukasikia sauti yake kutoka uani.

"Nimekwenda chooni peke yangu! Scovia aambiwe!"

Scovia alicheka kutoka kwake, ng'ambo ya ukuta.

Siku hizi dukani kwa Nkusi gundi iko mbele, misumari iko nyuma. Mtu akija kununua msumari wa kiti, humuuliza, "Kinalia wapi? Umekifungua ukaona ndani?" Jioni majirani hutuletea vigoda na viti vyao, na mume wangu huvigonga polepole, na kila akichomoa mguu huuinua kwenye mwanga, kutafuta alama ya aliyeutengeneza. Sofa tunakalia sisi.

Lakini siku ninayoikumbuka ni ile ya Jumatatu, kiti kilipokuwa kimepona jana yake tu. Nkusi alirudi kutoka Nyabugogo, amechoka, ana vumbi la saruji kwenye nywele. Mama alikuwa barazani. Akaweka ungo wa maharagwe chini. Akashika mikono ya kiti.

"Mama, ni mimi," Nkusi akasema. "Mimi ni wa nyumbani. Kaa tu."

"Nyamaza," mama akasema. "Nasalimu fundi."

Akasukuma, akainuka, akamkumbatia mwanawe kwa mikono miwili. Salamu nzima.