Koti la Rangi ya Chungwa

Soko la nguo lilikuwa limefurika watu, mtafiti mmoja wa bahari alipohisi anavutwa nyuma. Pindo la gauni lake lilikuwa limenaswa kwenye cherehani ya fundi mmoja mtanashati, tepu ya kupimia shingoni.

"Samahani, dada. Cherehani yangu inajua kuchagua."

"Cherehani, au mwenyewe?"

Mambo yakaanzia hapo. Wiki haikuisha, simu zikawa hazikatiki. Fundi aliposikia maabara anakofanyia kazi mtafiti ina baridi, akamshonea koti la rangi ya chungwa, lenye manyoya laini. Mtafiti akawa halivui kazini, na kila akiona hakuna anayemtazama huinusa kola yake.

Kazi yake ilikuwa kuchuja maji ya bahari na kutafuta chembe za plastiki kwa hadubini. Siku moja akaona nyuzi za rangi ya chungwa katika chupa moja ya maji hayo. Chupa ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, zimejaa tele! Moyo ukamlipuka, maana mtaro uliopita nyuma ya karakana ya fundi ulimwaga maji yake baharini. Akapiga simu.

"Unatupa mabaki ya vitambaa mtaroni?"

"Mimi? Mabaki yangu yote yanajaziwa mito, mpenzi."

"Usiniite mpenzi! Unachafua bahari halafu unanidanganya?" Akakata simu, akalia.

Kesho yake akachunguza chupa ya kulinganishia, yenye maji safi yasiyowahi kuiona bahari. Nyuzi za chungwa zilikuwemo. Akatazama mkono wa koti lake: manyoya yake ya plastiki yalikuwa yakipukutika. Maabarani ruhusa ni nguo za pamba tu, na tangazo la hilo alilibandika mlangoni yeye mwenyewe.

Alifika karakanani kichwa chini. "Nyuzi zimetoka kwenye koti nililovaa. Nimeharibu kazi, nikakushutumu bure. Nisamehe."

"Umeniumiza," fundi alisema, bila utani. "Ungeniuliza kwanza."

"Najua. Kesho nakwenda kuchota maji upya. Plastiki imo baharini, ila nataka niihesabu ya kweli. Nishonee koti la pamba."

Fundi akachukua tepu. "Sogea nikupime."

"Si vipimo vyangu unavyo?"

"Ninavyo. Nataka usogee."

Akasogea, machozi na kicheko vikimtoka pamoja.

"Na lile la chungwa?" fundi akanong'ona.

"Nitalivaa nyumbani."

"Kwenu... au kwetu?"

Mtafiti akamtazama usoni. Hakuwa anatania.

"Kwetu," akajibu. "Ila usilifue ovyo, mume wangu. Maji yake yanakwenda baharini."